Tovuti ya dalali: mambo ambayo mteja anataka kuyajua kabla hajapanda bodaboda

Anayetafuta nyumba Dar es Salaam siku hizi anaanzia kwenye simu. Anaandika "nyumba ya kupanga Sinza" au "viwanja Kigamboni vyenye hati", anafungua matangazo matatu manne, kisha anapiga namba iliyo karibu. Anaambiwa ile ya pichani imeshachukuliwa, lakini zipo nzuri kuliko hiyo, aje tu na hela ya kuzungushwa. Anafika na kuonyeshwa vyumba visivyofanana hata kidogo na alichokiona. Jioni anarudi kwake ametoa nauli, ametoa hela ya kuonyeshwa, na hasira yake inawaangukia madalali wote, hata wale wanaofanya kazi kwa uaminifu.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, na wengi wa wateja wangu ni madalali na ofisi ndogo za mali zisizohamishika. Karibu kila anayekuja huanza na nembo na rangi. Anataka bluu na dhahabu, na paa la nyumba juu ya jina. Namsikiliza, halafu namuuliza: nyumba ikishapangwa, tangazo lako linaondoka baada ya muda gani? Akinijibu hapo ndipo ninapojua tuna chapa ya kujenga au hatuna. Mteja wa Dar haogopi tovuti isiyopendeza. Anaogopa kuzungushwa na anaogopa kutapeliwa. Kila ukurasa ninaoutengeneza unapimwa kwa hofu hizo mbili.

Tuanze na tangazo lenyewe, maana ndipo kazi ilipo. Mengi yameandikwa hivi: "Nyumba kali inapangishwa Mbezi Beach, bei poa, maongezi yapo, walio siriasi tu." Hapo mteja hajaambiwa kitu. Ninawaomba madalali waandike namna hii:

"Namba MB-014. Chumba masta, sebule na jiko, Mbezi Beach ya chini. Kodi 350,000 kwa mwezi, inalipwa miezi 6. LUKU yake yenyewe. Maji ya DAWASA, na tenki la akiba la wapangaji wote. Wapangaji wanne ndani ya fensi moja. Kutoka Barabara ya Bagamoyo ni bodaboda, njia ya vumbi. Mvua kubwa ikinyesha gari dogo linapita kwa shida. Malipo ya dalali: kodi ya mwezi mmoja. Hela ya kuonyeshwa: hakuna. Tumehakikisha iko wazi Jumatatu asubuhi."

Tazama hiyo ya LUKU. Mita ikiwa moja kwa wapangaji wanne, kila mwezi kuna ugomvi wa nani ana friji na nani anapasha maji ya kuoga. Aliyewahi kuishi hivyo atauliza jambo hilo kabla ya kuuliza rangi ya vigae, kwa hiyo liandikwe wazi na lisifichwe mwishoni. Sentensi ya njia ya vumbi ndiyo inayowaogopesha madalali wengi, wanadhani itafukuza watu. Asiyetaka vumbi ataliona vumbi akifika, na safari yake na yako zitakuwa zimepotea bure. Anayekuja baada ya kuisoma sentensi hiyo amekuja akiwa ameshaikubali.

Na ile ya mwisho, ya Jumatatu asubuhi, ndiyo naipenda kuliko zote. Kwenye tovuti ninazotengeneza, tangazo ambalo dalali hajalihakikisha kwa siku saba linajificha lenyewe. Anapata ujumbe, anapiga simu kwa mwenye nyumba, anagusa kitufe kimoja, tangazo linarudi na tarehe mpya. Iliyopangwa haifutwi mara moja, inaandikwa "Imepangwa" na kukaa hapo wiki mbili hivi, mteja aone kwamba kuna kazi inafanyika na kwamba ukweli unasemwa.

Viwanja vina hatari kubwa zaidi, kwa hiyo ukurasa wake unahitaji maelezo mengi zaidi. Neno "kina hati" peke yake halitoshi. Kuna kiwanja kilichopimwa na kutolewa hati, kuna kilichopimwa ambacho hati bado, na kuna eneo ambalo halijapimwa kabisa, ambapo muuzaji ana karatasi za mauziano zilizogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Hivyo ni vitu vitatu tofauti na bei zake haziwezi kulingana. Mimi huweka sehemu ya kuchagua kimojawapo, na tangazo haliwezi kupanda bila kuchagua. Kwa chenye hati kunakuwa na nafasi ya kujaza namba ya kiwanja na kitalu, matumizi yake kama ni makazi au makazi na biashara, umiliki ni wa miaka mingapi, kwa kuwa hati hutolewa kwa 33, 66 au 99, imebaki mingapi, na kodi ya pango la ardhi imelipwa mpaka mwaka gani.

Picha ya hati yenyewe siiweki mtandaoni, hata dalali akisisitiza. Ina jina la mwenye mali na namba ambazo tapeli anaweza kuzitumia kuuza kiwanja hicho hicho kwa mtu mwingine. Badala yake tunaandika kwamba mnunuzi atapewa nakala ofisini, na kwamba afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla ya kutoa senti. Dalali anayemwambia mteja akahakiki kwanza anaaminika kuliko mwenye nembo ya dhahabu.

Kuna msomaji mwingine wa ukurasa huu ambaye madalali humsahau, naye ni Mtanzania aliyeko Muscat, Houston au London anayetaka kununua akiwa huko huko. Yeye hawezi kupanda bodaboda akaone. Mpe video isiyokatwa: simu inaanza kurekodi pale lami inapoishia, inatembea njia nzima, inafika kwenye bikoni ya kwanza, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, na kuzunguka mpaka ya nne. Na mweleze wazi jambo la uraia. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, asiye raia kwa kawaida hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na Tanzania hairuhusu uraia pacha. Aliyechukua pasipoti ya nchi nyingine anapaswa kuonana na mwanasheria kabla hajakutumia malipo ya awali. Kumwambia hivyo kunaweza kukupotezea biashara ya siku hiyo, lakini ndugu zake na marafiki zake huko watakujua wewe ni nani.

Upande wa Masaki na Oysterbay, kwenye nyumba zinazopangishwa kwa raia wa kigeni na mashirika, bado nakuta bei za dola. Ziondoe. Kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza kutangaza bei au kulipisha kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani. Andika shilingi.

Sasa kasi. Mteja wako yuko kwenye daladala, ana simu ya bei ya kawaida na bando la siku. Picha moja iliyotoka kwenye kamera ya simu inaweza kuwa na megabaiti tatu au zaidi, na dalali anapandisha kumi kama zilivyo. Hizo ni megabaiti thelathini kuangalia nyumba moja. Zipunguze upana hadi pikseli 1200, zihifadhiwe kwa mfumo wa WebP, na nyingi zitashuka chini ya kilobaiti 200 bila jicho kuona tofauti. Picha ya kwanza ipakuliwe pamoja na ukurasa, nyingine zisubiri mpaka mteja ateremke. Google wenyewe wanapendekeza kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Zile picha kubwa zinazojibadilisha zenyewe juu ya ukurasa wa mwanzo, za maghorofa ya Dubai ambayo dalali hauzi, huwa naziondoa zote. Pale juu paweke sehemu ya kutafutia: eneo, kodi ya juu kabisa, idadi ya vyumba.

Kitufe cha WhatsApp ndicho kinacholeta pesa, na kinastahili kufanywa vizuri. Anwani ya wa.me inataka namba ianze na 255 bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mbele. Sifuri ikibaki, linki haifiki popote. Kila tangazo liwe na kitufe chake chenye ujumbe ulioandikwa tayari: "Habari, naulizia nyumba namba MB-014, bado ipo?" Mteja anagusa na kutuma, na dalali anajua papo hapo ni nyumba ipi, bila ile ya "ile niliyoiona jana". Kisha hakikisha linki ya tangazo ikitumwa kwenye kundi inaonyesha picha, bei na eneo. Hilo mtengenezaji analiweka kwenye msimbo wa ukurasa, sehemu inayoitwa "head" ambayo msomaji haioni, na picha yake ya pikseli 1200 kwa 630 inatosha. Matangazo ya nyumba Dar yanatembea kwenye makundi na stetasi, na linki isiyo na picha watu wanaipita.

Nembo na rangi vina nafasi yake, na ninavipenda. Lakini paa la nyumba limeshatumiwa na kila mtu. Ukipanga nembo kumi za madalali mezani huwezi kumtambua mmoja. Jina lililoandikwa vizuri, kwa herufi nene zinazosomeka kwenye bango la getini na kwenye duara dogo la WhatsApp, linafanya kazi kubwa kuliko mchoro. Dhahabu juu ya nyeupe iache: mwongozo wa kimataifa wa usomekaji unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandharinyuma isipungue 4.5 kwa 1, na kwenye jua la saa saba mchana pale Mwenge maandishi hafifu hayaonekani kabisa. Rangi moja iliyokolea, nyeupe, na kijivu cha maandishi vinatosha. Rangi hiyo hiyo iende kwenye fulana, kwenye kibao cha "Nyumba hii inapangishwa" na kwenye Instagram.

Weka sura yako. Picha yako halisi, ofisi ilipo, usajili wa BRELA, TIN na leseni ya biashara. Mwenzako wa Kenya ana bodi inayosajili mawakala wa nyumba chini ya sheria yao, na namba ya usajili huo ndiyo ya kwanza kuonyesha. Kwenye picha za nyumba weka jina lako pembeni chini, dogo. Likiwa katikati linaharibu picha. Lisipokuwepo kabisa, kesho utaikuta kwenye ukurasa wa mtu mwingine.

Kinachowaleta watu kutoka Google bila kulipia tangazo ni kurasa za maeneo, na hapa dalali anamzidi mbunifu yeyote kwa sababu mitaa anaijua. Andika ukurasa wa Kigamboni unaoeleza tofauti ya kuvuka kwa pantoni na kupita Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016, na foleni inavyokuwa asubuhi. Andika wa Kimara unaosema ni umbali gani kwa miguu mpaka kituo cha mwendokasi. Andika wa Goba, wa Madale, wa Chanika. Ukae kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo mteja anayaandika akitafuta, na usikopi kutoka popote.

Fomu za kujaza zipunguze. Jina na namba ya simu vinatosha. Kuomba namba ya NIDA ili mtu aone chumba ni kumtia wasiwasi bure. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, inataka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inataka mtu aelezwe taarifa zake zitatumikaje. Sentensi mbili chini ya fomu zinamweleza hilo.

Mwisho ni umiliki wa jina la tovuti. Kabla hujamlipa mtengenezaji, nikiwemo mimi, hakikisha jina la .co.tz limesajiliwa kwa jina la biashara yako na kwa barua pepe unayoifungua wewe mwenyewe. Omba nywila za seva na za akaunti ya usajili siku ya kukabidhiwa, na weka ukumbusho kwenye simu mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kulipia tena.