"Mbona jana alikuwa anaongea?" Damu kuvilia na ubongo kuvimba baada ya kuumia kichwa

Hakuna swali ninaloulizwa na ndugu wa wagonjwa kama hili: "Daktari, mbona jana alikuwa anaongea?" Kijana ameanguka na bodaboda, akazimia kidogo, akazinduka, akapanda bajaji mwenyewe, akafika nyumbani akaomba chai. Usiku kichwa kikaanza kumuuma sana, akatapika, na alfajiri haamki. Ndugu wanajiuliza kama kuna sindano mbaya aliyochomwa, au mkono wa mtu. Kilichotokea ni damu iliyokuwa ikivilia taratibu tangu alipoanguka.

Fuvu la mtu mzima halitanuki. Ndani yake ubongo unachukua karibu asilimia 80 ya nafasi, na iliyobaki wanagawana damu iliyo kwenye mishipa na maji yanayouzunguka ubongo. Damu ikivuja, mwili unajitahidi kuitafutia nafasi: maji yanasukumwa kwenda kwenye uti wa mgongo, na damu ya kwenye vena inakamuliwa itoke. Wakati huo mgonjwa anaongea, hata anatania. Nafasi ikiisha, kijiko kimoja tu cha damu kinapandisha shinikizo ghafla. Kwa mtu mzima aliyelala, shinikizo ndani ya fuvu kwa kawaida halizidi 15 kwa milimita za zebaki. Likipita 22 tunaanza matibabu ya kulishusha.

Lakini inategemea damu imevilia wapi. Upande wa kichwa, juu kidogo mbele ya sikio, mfupa ni mwembamba na chini yake inapita ateri. Mfupa ukipasuka, ateri inaweza kuchanika ikamwaga damu kati ya fuvu na utando mgumu wa ubongo. Hii ndiyo inayojulikana kwa kumwacha mtu aonekane mzima kwa saa kadhaa. Mwigizaji Natasha Richardson alianguka Machi 2009 akijifunza kuteleza kwenye theluji huko Mont-Tremblant, Kanada. Gari la wagonjwa lilifika likarudishwa, kwa kuwa alijiona mzima. Alifariki siku mbili baadaye, akiwa na miaka 45.

Inaniuma kwa sababu hii ndiyo tunayoitibu vizuri kuliko zote, tukiiwahi. Ukifungua fuvu unakuta bonge jeusi la damu, na utando chini yake umebonyea, umetulia tuli. Unalifyonza, unasafisha kwa maji ya chumvi, unaziba ateri, na ubongo unaanza tena kudunda mbele ya macho yako. Bonge likizidi mililita 30 tunafungua hata kama mgonjwa bado anaongea.

Damu inayovilia chini ya utando huo ni kali zaidi. Inatoka kwenye vena ndogo zilizochanika ubongo ulipotikisika, na mara nyingi ubongo wenyewe nao umepondeka.

Na uliopondeka unavimba. Seli zilizoumia zinajaa maji, mishipa iliyojeruhiwa inavujisha, na uvimbe huo mara nyingi unafika kilele kati ya siku ya 2 na ya 5. Hapa ndipo familia zinapochanganyikiwa: upasuaji umeenda vizuri, damu imetolewa, halafu siku ya tatu tunawaambia hali imebadilika. Mkimkuta ICU amelala, mashine inampumulia, sisi ndio tuliomlaza ili ubongo upumzike. Kitanda kimeinuliwa upande wa kichwa nyuzi 30 na shingo imenyooshwa ili damu ishuke vizuri. Tafadhali msimgeuze shingo awatazame.

Kuna jambo nalisema kila ninapopata nafasi: dexa. Deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe ya kundi la steroidi, inasaidia sana uvimbe unaotokana na saratani ya ubongo, kwa hiyo wengi wakadhani itasaidia na hapa. Utafiti wa CRASH uliochapishwa 2004, wa watu wazima zaidi ya 10,000 walioumia kichwa, ulipima dawa ya kundi hilohilo. Ndani ya wiki mbili walikufa asilimia 21.1 ya waliopewa, dhidi ya 17.9 ya wasiopewa. Bado napokea wagonjwa wa ajali ambao wameshachomwa dexa njiani.

Nikipigiwa simu usiku, kitu cha kwanza nauliza, "Sista, mboni zikoje?" Akijibu, "Ya kulia imetanuka, daktari, haishtuki na tochi," najua ubongo umeanza kusukumwa ushuke na unabana neva ya jicho. Hapo hatusubiri asubuhi.

Huko nyumbani watu wanakesha wakimzuia mgonjwa asilale. Aliyezimia baada ya kugonga kichwa aje hospitali kwanza. Akichunguzwa na kuruhusiwa, mwacheni alale, ila awepo mtu wa kumwamsha usiku na kumuuliza jina lake na yuko wapi. Akitapika tena na tena, akiongea kilevi, mkono ukilegea, akipata degedege, au maji maangavu yakimtoka puani au sikioni, rudini saa hiyohiyo. Maumivu apewe panado, si diklofenaki wala aspirini. Na anayenuka pombe asiachwe eti pombe imtoke kwanza. Mlevi naye huanguka, na damu ikivilia kichwani dalili zake zinafanana kabisa na ulevi.

Wazee wana habari yao. Ubongo umesinyaa kwa umri, vena zimevutika, na kujigonga kidogo tu kwenye mlango kunatosha. Damu inavuja polepole kwa wiki kadhaa. Mzee anaanza kusahau, anaburuta mguu, familia inasema ni uzee. Tunatoboa tundu moja au mawili, inatoka damu nyeusi kama oili chafu, na wengi wanarudi kuwatambua wajukuu ndani ya siku chache. Kwa hiyo mzee akichanganyikiwa ghafla, muulizeni kama alianguka mwezi huu au uliopita, na mje na dawa zake zote, hasa za kuzuia damu kuganda.