Eko Kabla na Baada ya Upasuaji wa Moyo: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kwenye benchi za kliniki za moyo hapa Nairobi, wagonjwa huulizana, "Wewe EF yako ni ngapi?" EF, namba inayosomwa kwenye eko (picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti), ni asilimia ya damu inayotolewa na chemba kuu ya kushoto kila moyo unapopiga. Ni kipimo kizuri, lakini kina mitego.

Dhana: EF ikiwa 60, misuli ya moyo ni mizima.

Si kwa mwenye vali ya mitrali inayovuja (mlango kati ya chemba ya juu na ya chini za kushoto), ugonjwa ambao hapa kwetu mara nyingi huanzia kwenye homa ya baridi yabisi ya utotoni. Vali ikivuja, sehemu ya damu hurudi nyuma, chemba ya juu, ambako hakuna presha kubwa ya kuizuia. EF huihesabu kama imetolewa. Ni kama muuza maji wa Kayole anayehesabu mitungi aliyojaza bila kuuliza mingapi imemwagika njiani. Ndiyo maana, uvujaji ukiwa mkali, EF ikifika 60 au chini yake madaktari huanza kuzungumzia upasuaji, hata kama mgonjwa hajaanza kuhema. Huniuma sana jamaa wanapomwambia mtu kama huyo, "Namba yako ni nzuri, subiri kwanza."

Dhana: EF imeshuka baada ya upasuaji, basi wamemharibu.

Vali ikirekebishwa, ile njia nyepesi ya kurudi nyuma hufungwa. Sasa damu yote husukumwa mbele, dhidi ya presha ya mwili mzima. Namba inaweza kushuka ilhali kazi yenye faida haijapungua. Tena ukuta unaotenganisha chemba mbili za chini huonekana ukienda ovyo baada ya kifua kufunguliwa; hilo peke yake si dalili ya madhara. Ila EF ikiporomoka sana, huenda misuli ilikuwa imechoka tangu awali, na vali ilikuwa ikiuficha uchovu huo.

Dhana: Streini yenye alama ya kutoa ni mbaya.

Streini hupima misuli inavyofupika inapojikaza, na kufupika huandikwa kwa alama ya kutoa. Moyo mzima hukaribia -20. Wenye -10 umedhoofika. Mara nyingi streini huonyesha udhaifu kabla EF haijashuka.

Dhana: Moyo uliotanuka ukipunguzwa kwa kisu, mgonjwa hupona.

Utafiti wa STICH, uliotolewa 2009, ulihusisha wagonjwa 1,000. Waliopunguzwa chemba pamoja na kupandikizwa mishipa ya kupitisha damu kando ya ile iliyoziba walipata moyo mdogo zaidi kwenye picha, lakini hawakuwashinda wenzao waliopandikizwa mishipa tu, si kwa nafuu wala kwa kuishi.