Maji Yamechemka Lini? Viputo vya Kwanza Visikudanganye

Bandika sufuria ya maji jikoni bila kuifunika, kisha uitazame kwa karibu. Baada ya dakika chache utaona viputo vidogo, kila kimoja sawa na kichwa cha pini, vimeng'ang'ania chini na pembeni mwa sufuria. Juu, ukungu mweupe mwembamba umeanza kupaa. Hapo ndipo watu wengi husema "tayari" na kuzima moto. Ukitumbukiza kipimajoto wakati huo, huenda ukasoma nyuzi joto 50 au 60 tu za sentigredi. Maji hayo hayajachemka, na kama yalikuwa na vijidudu vya kuharisha, vingi bado vi hai.

Viputo hivyo vya kwanza ni hewa. Maji yanayogusana na hewa huyeyusha sehemu yake ndani, na oksijeni ya hewa hiyo ndiyo inayowaweka samaki hai. Chumvi na sukari huyeyuka kwa wingi zaidi maji yakiwa moto, lakini gesi huenda kinyume: kadiri maji yanavyopata joto, ndivyo yanavyoshindwa kuishika. Lita moja ya maji ya nyuzi joto 20 hushika takriban miligramu 9 za oksijeni. Yakifika nyuzi 50 hubaki na kama miligramu 5.5. Inayozidi hujitenga, ikajikusanya kwenye mikwaruzo midogo ya sufuria na kuwa viputo. Hata bila moto jambo hili hutokea. Glasi ya maji baridi ikiachwa mezani usiku kucha, asubuhi hukutwa na viputo vimejipanga ukutani, na hakuna anayesema maji hayo yamechemka.

Acha moto uendelee. Sasa sufuria huanza kuvuma, na birika hulia zaidi. Chini kabisa, panapogusana na moto, maji yameshafikia kiwango cha kugeuka mvuke, lakini ya juu bado ni ya vuguvugu. Kiputo cha mvuke huzaliwa chini, hupanda kidogo, hukutana na maji yasiyo moto vya kutosha, hupoa na kubomoka ghafla. Kila mbomoko hutoa mlio mdogo, na maelfu yake kwa pamoja ndiyo mvumo unaousikia. Muda mfupi kabla ya kuchemka mvumo huo hushuka, kwa sababu maji yote yamekaribia joto moja na viputo vinafika juu bila kubomoka. Anayezima moto birika linapovuma kwa nguvu, amewahi mno.

Kinachofuata ndicho kuchemka kwenyewe: viputo vikubwa hutoka chini bila kukoma, hupasukia juu, na uso mzima wa maji hutokota. Koroga kwa mwiko. Kama viputo vinatulia unapokoroga, bado. Kama vinaendelea kana kwamba hujagusa kitu, maji yamechemka.

Na ule "moshi" mweupe nao si kipimo. Mvuke halisi hauonekani kwa macho. Tazama mdomo wa birika linalotokota: kati ya mdomo na wingu jeupe kuna nafasi ndogo iliyo wazi, kama upana wa kidole, ambayo mtu anaweza kudhani haina kitu. Hapo ndipo penye mvuke. Wingu linaloanza baada yake ni matone madogo mno ya maji, mvuke uliokwishapoa kwenye hewa. Nafasi hiyo iliyo wazi ndiyo hatari kuliko wingu lenyewe, na tutairudia.

Kwa nini nyuzi joto 100

Juu ya maji kuna hewa inayoyakandamiza. Katika fizikia mgandamizo huo huitwa kanieneo. Molekuli za maji zinapopashwa hukimbia kasi zaidi na kusukumana, na kiputo cha mvuke kinaweza kusimama ndani ya maji pale tu msukumo wa mvuke ulio ndani yake unapolingana na kanieneo ya nje. Usawa wa bahari, hali hiyo hufikiwa kwenye nyuzi joto 100. Ukipanda mlimani hewa hupungua, kanieneo hushuka, na maji huchemka mapema: kwa wastani nyuzi joto moja pungufu kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwenye mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na kwenye mita 3,000 kwenye nyuzi 90. Ndiyo maana maharage hukawia kuiva nyanda za juu hata moto ukiwa mkali kiasi gani. Sufuria inatokota kweli, ila inatokota ikiwa na joto dogo.

Sufuria ya presha hufanya kinyume. Mvuke hufungiwa ndani, kanieneo hupanda hadi karibu maradufu ya ile ya nje, na maji hayachemki mpaka yafike kama nyuzi 120. Mfaransa Denis Papin alitengeneza chombo cha namna hiyo mwaka 1679, akakiwekea vali ya kupunguza mvuke. Vali hiyo isizibwe kwa chakula wala uchafu, na kifuniko kisilazimishwe kabla mvuke haujaisha. Maji ya nyuzi 120 yakiondolewa mgandamizo ghafla, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo na kurusha chakula cha moto usoni mwa aliyefungua.

Vipi chumvi? Wapo wanaoamini kwamba inayafanya maji yawe moto zaidi. Ni kweli, lakini kwa kiasi kisichosaidia kitu: gramu 10 za chumvi katika lita moja huongeza chini ya moja ya tano ya nyuzi joto moja. Tia chumvi kwa ajili ya ladha.

Moto mkali hauongezi joto

Maji yakishachemka, kipimajoto husimama. Ongeza kuni, fungua gesi yote, bado kitasoma 100. Joto la ziada linaenda wapi? Linatumika kuzing'oa molekuli kutoka kwenye maji na kuzifanya mvuke. Mwanakemia Joseph Black wa Uskoti alilieleza jambo hili katika karne ya 18, na likaitwa joto fiche kwa sababu kipimajoto hakilioni.

Kiasi chake ni kikubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Nishati hupimwa kwa juli, na juli elfu moja ni kilojuli moja. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji kama kilojuli 336. Kuigeuza lita hiyohiyo iliyokwishachemka iwe mvuke wote kunahitaji kilojuli 2,260, karibu mara saba. Kwa hiyo chungu kinachotokota kwa fujo hakipiki haraka kuliko kinachotokota polepole. Kinachoma nishati ili kutengeneza mvuke. Chakula cha kuchemshwa kikishatokota, punguza moto mpaka viputo viwe vichache lakini visikome, kisha funika. Kifuniko huzuia mvuke usiondoke na joto lake fiche.

Joto hilo hilo ndilo linaloufanya mvuke uunguze vibaya. Gramu moja ya maji ya nyuzi 100 ikikumwagikia na kupoa hadi joto la mwili hukuachia takriban juli 265. Gramu moja ya mvuke, ikigeuka kwanza kuwa maji juu ya ngozi kisha ikapoa, hukuachia zaidi ya juli 2,500. Unapofunua sufuria, inua kwanza ukingo wa kifuniko ulio mbali nawe ili mvuke utokee upande wa pili, na usipitishe mkono kwenye mdomo wa birika. Mtu akiungua, vua pete, saa na nguo ambayo haijashikana na ngozi, kisha mwagia sehemu hiyo maji ya bomba ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga, na usiweke barafu: vitu hivyo hufungia joto ndani, huingiza uchafu au huzidi kuumiza ngozi.

Kinachowaua vijidudu

Vunja yai kwenye maji ya moto. Ute uliokuwa kama kioo huwa mweupe na mgumu, na ukipoa haurudi ulivyokuwa. Protini zake, zilizokuwa zimekunjwa kwa mpangilio maalumu, zimefumuka na kushikamana ovyo. Mwili wa bakteria umejaa protini zinazofanya kazi zote za uhai wake, na joto huzifanya hivyohivyo. Kufikia nyuzi joto 70, bakteria wengi wanaosababisha magonjwa ya maji hufa ndani ya dakika moja. Virusi vingine huvumilia zaidi, kikiwemo kile cha homa ya ini aina A, lakini navyo havivuki kiwango cha kuchemka.

Hapa pana jambo la kushika. Si lazima maji yafike nyuzi 100 ili vijidudu vya kuharisha vife. Tunasisitiza kuchemka kwa sababu nyumba nyingi hazina kipimajoto, na kutokota ni alama ambayo macho hayawezi kuikosea, tena yenye akiba ya kutosha juu ya joto linaloua. Ndiyo maana hata mlimani, kwenye nyuzi 90, maji yaliyotokota bado ni salama. Yakianza kutokota kwelikweli, yaache dakika moja. Kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, dakika tatu. Kuyachemsha nusu saa ni kupoteza kuni bure. Maji yenye tope yaache kwanza yatuame, kisha yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa ndipo uyabandike.

Kuna vinavyopona. Baadhi ya bakteria hujifungia ndani ya ganda gumu liitwalo spora na kustahimili nyuzi 100 kwa saa nyingi. Kwenye maji ya kunywa ya mtu mzima mwenye afya hilo si tishio, lakini ndilo linalowalazimu wasindikaji wa vyakula vya makopo na wanaotakasa vifaa vya hospitali kutumia mvuke wa kanieneo kubwa, wa nyuzi 121.

Chumvichumvi na madini mengi hayatoki kwa kuchemshwa. Risasi, aseniki, floraidi na nitrati hubaki, na kwa kuwa maji yanapungua, huzidi kukolea. Chukua lita mbili zenye miligramu 45 za nitrati kwa kila lita. Zikitokota mpaka zibaki lita moja na nusu, kila lita sasa ina miligramu 60, juu ya kiwango cha 50 kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Anayemtengenezea mtoto mchanga maziwa ya unga kwa maji ya kisima chenye nitrati nyingi humwongezea hatari kila anapoyachemsha upya, kwani nitrati huweza kuifanya damu ya mtoto ishindwe kubeba oksijeni, midomo ikageuka rangi ya samawati. Maji kama hayo yabadilishwe.

Ule ukoko mweupe ndani ya birika nao ni kemia. Maji magumu yana haidrojenikabonati ya kalsiamu iliyoyeyuka, na joto huivunja:

Ca(HCO₃)₂ → CaCO₃ + H₂O + CO₂

CaCO₃ ni kalsiamu kabonati, ile ile ya chokaa ya mawe. Si sumu, ila hupitisha joto vibaya, hivyo birika lenye ukoko hula nishati zaidi. Changanya siki na maji kwa vipimo sawa mpaka ukoko ufunikwe, pasha yawe moto bila kuchemka, acha saa moja. Viputo utakavyoona ni kaboni dioksaidi. Mwaga, suuza, chemsha maji safi mara moja uyamwage. Siki isikutane kamwe na dawa ya madoa yenye klorini. Hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu.

Baada ya kuchemka, maji hayana ulinzi wowote. Kata moja iliyoshikwa kwa mkono mchafu inarudisha yote yaliyouawa. Yaache yapoe yakiwa yamefunikwa ndani ya sufuria ile ile, kisha yamimine kwenye chombo safi chenye mdomo mwembamba au bomba. Yanywewe kwa kumimina, yasichotwe. Kama ladha yake imepooza, ni ile hewa iliyotoka na viputo vya kwanza: yamimine mara kadhaa kutoka jagi safi hadi jagi jingine safi, nayo itarudi.