Hela za SBIR sio mkopo, na serikali haichukui kampuni yako

Watu wengi wanaamini ukipata hela za SBIR, ule mpango wa Marekani wa kufadhili utafiti wa teknolojia mpya kwenye kampuni ndogo, basi serikali inakuwa na hisa kwako na uvumbuzi unakuwa wake. Hapana jamani. Hurudishi hela, na hisa hawachukui hata moja. Mpango ulianzishwa kwa sheria ya 1982, na kampuni isizidi wafanyakazi 500.

Kinachowachanganya watu ni hataza (patent), ile hati ya kumiliki uvumbuzi. Inabaki ya kampuni, ila serikali inapata leseni ya kuutumia uvumbuzi huo kwenye shughuli zake bila kulipa mrabaha, na wewe lazima uwaripoti mapema kwamba umevumbua kitu na uandike kwenye hataza kuwa serikali ilifadhili, ukizembea kuripoti hapo ndo unaweza kuipoteza kweli, na inauma sana kwa sababu ni fomu tu.

Alafu usitegemee wakubebe mpaka mwisho. Awamu ya kwanza mnapima kama wazo linawezekana, ya pili mnatengeneza sampuli ya kwanza ya bidhaa, ya tatu ya kuingia sokoni hela za mpango hazipo, tafuta mteja au mwekezaji. Qualcomm, ile kampuni kubwa ya chipu za simu, nao walipitia SBIR wakiwa bado wadogo.