Miguu ya Hujaji wa Namugongo: Maswali na Majibu

Mimi ni muuguzi. Mwishoni mwa Mei huwa natoa huduma ya kwanza kwa mahujaji wanaotembea kutoka mpaka wa Busia hadi Namugongo, kuwahi sikukuu ya Watakatifu Karoli Lwanga na wenzake, Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Ni karibu kilomita 200: Bugiri, Iganga, Jinja, msitu wa Mabira, Lugazi, Mukono. Siku mbili za kwanza ni nyimbo na rozari. Kufikia siku ya tatu msafara umerefuka, na wa nyuma wanakanyagia ukingo wa mguu huku wakisema hawana neno. Hao ndio ninaowaandikia.

Lengelenge ni nini?
Ni maji yanayokusanyika chini ya ngozi iliyosuguliwa na kiatu. Soksi iliyolowa jasho au mvua huharakisha kazi hiyo, na kiatu kipya huimaliza. Tafadhali msinunue raba Jumamosi mkaanza safari Jumapili. Kiatu cha hija kivaliwe mwezi mzima kabla, uende nacho shambani, sokoni na kanisani. Beba soksi jozi tatu, na kila mnapopumzika vua, ukaushe miguu, uvae nyingine.

Nilitoboe?
Likiwa dogo, liache. Lifunike kwa plasta au shashi safi, ngozi ile ndiyo bandeji yako bora. Likiwa kubwa na limekaza hata huwezi kukanyaga, mwone mhudumu wa msafara. Atanawa mikono, atapaka spiriti, atatoboa pembeni kwa sindano mpya, maji yatoke na ngozi ibaki palepale. Mwiba wa kando ya njia, hapana. Pini ya leso iliyokwisha kutumiwa na watu watatu, hapana. Na nimechoka kuosha dawa ya meno, majivu na unga wa kapsuli za rangi mbili kwenye vidonda vya watu wazima. Vitu hivyo haviponyi kidonda, vinanificha mimi nisione kilichomo ndani.

Nitajuaje kwamba limeingia uchafu?
Maumivu yanazidi hata ukiwa umelala. Maji yanageuka usaha au yananuka. Ngozi ya jirani inavimba, inakuwa ya moto na kung'aa. Sisi wenye ngozi nyeusi tusisubiri kuona wekundu, maana mara nyingi hauonekani, kwa hiyo gusa kwa mgongo wa mkono na ulinganishe na mguu mwingine. Kisha huja mtoki kwenye kinena, homa na kutetemeka. Ukiona mtoki, ujue maambukizi yameanza kupanda. Hapo huna siku ya kupoteza.

Nimebakiza siku mbili tu. Siwezi kwenda hospitali nikirudi nyumbani?
Hapana. Maambukizi ya mguu hayajui tarehe 3 Juni. Bakteria wakiingia kwenye damu, mtu aliyekuwa akiongoza wimbo asubuhi anaweza kuwa hajitambui usiku. Nenda leo, kituo cha afya kilicho karibu, hapo hapo ulipofika.

Lakini Mashahidi walichomwa moto. Mimi nishindwe na lengelenge?
Swali hili naulizwa kila mwaka, na nalijibu kwa heshima zote kwa sababu anayeliuliza anapenda imani yake. Mwaka 1886 wale vijana waliambiwa waikane imani au wafe. Wewe hakuna aliyekuambia ukane chochote. Umeambiwa uvue kiatu usafishwe kidonda. Kumtolea Mungu uchovu, jua na njaa, sawa. Usaha si sadaka, ni ugonjwa wenye tiba. Mama mmoja alinificha mguu wake kuanzia Iganga hadi Lugazi, na alipokubali kuvua soksi ilitoka na ngozi. Alikuwa na kisukari. Vidole viwili vilikatwa. Tungemwona Iganga, tungeosha, tungempa dawa, na huenda angefika Namugongo kwa gari la msafara akiwa na vidole vyote kumi. Kwa hiyo nasema tena: nenda leo.

Nina kisukari. Nisiende kabisa?
Mwone daktari wako wiki kadhaa kabla, akupime, akague miguu, akupangie dozi. Usiache dawa kwa sababu ya kufunga. Beba kitu cha sukari: ukiona jasho baridi, kutetemeka au kuchanganyikiwa, kula hapo hapo. Zaidi ya yote, kisukari huua hisia za nyayo. Utatembea na kijiwe ndani ya kiatu tangu asubuhi usijue. Kila jioni mwombe mwenzako akumulikie tochi chini ya mguu na katikati ya vidole. Lengelenge lako usilitoboe wewe, wala jirani. Na kwako wewe "haliumi" si habari njema.

Nikimeza dawa ya maumivu niendelee?
Diklofenaki na ibuprofeni, mtu akiwa amekaukiwa maji, huumiza figo. Zinaficha pia maumivu yaliyokuwa yakikuonya. Na wale wanaojinyima maji ili wasitafute choo barabarani, naomba tuelewane: kunywa. Ukiharisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Nikipata homa njiani, si uchovu tu?
Uchovu hauleti homa. Pima malaria siku hiyo hiyo, na uonyeshe miguu pia.

Na maji ya ziwa la Namugongo?
Yachoteni, yabarikiwe, mwende nayo nyumbani. Anayetaka kuyanywa ayachemshe kwanza.

Nikipanda gari, hija yangu si itakuwa bure?
Hilo mwulize padre anayetembea nanyi, tena mwulize mapema, kabla hujaumia, ili jibu ulijue. Mimi najibu la mguu: mguu wenye usaha haukanyagi lami tena. Viongozi wa jumuiya, nanyi mnisikilize. Msimpigie makofi anayechechemea. Mketisheni, mvueni viatu mbele yenu. Muulizeni alichanjwa pepopunda lini. Akiwa na homa, uvimbe unaopanda au kisukari, mtafutieni gari saa hiyo, hata kama ni saa nane za usiku katikati ya Mabira, na mmoja wenu afuatane naye.