Spea orijino au kopi? Uliza kwanza: ikifa, itaondoka na nini?

Mteja akishaonyeshwa kilichoharibika, swali linalofuata ni lile lile: "Fundi, tuweke orijino au hii ya kawaida?" Pale benchi, na mtu ana gari la saa nane la kurudi Mgeta, swali hilo halijibiki vizuri. Nalijibu hapa kwa nafasi.

Mfano wangu utakuwa Honda GX160. Ndiyo inayozungusha pampu nyingi za kumwagilia zinazofika kwangu hapa Morogoro, na ni kati ya injini zilizonakiliwa sana duniani. Ni injini ya cc 163: kipenyo cha silinda milimita 68, mwendo wa pistoni milimita 45, oili haifiki hata lita moja, ni lita 0.58. Kopi zake za Kichina nyingi huandikwa 168F ubavuni, na vipuri vingi vya hizo kopi vinaingia kwenye Honda bila ubishi. Kuingia, lakini, siyo kufanya kazi.

Kwanza tuvunje hiyo "orijino na feki", maana dukani vitu viko vinne, siyo viwili. Kuna spea iliyo kwenye boksi la mwenye injini, yaani kampuni iliyoiunda, kama Honda. Kuna spea ya kiwanda kile kile kinachomuuzia mwenye injini, ila ipo kwenye boksi la kiwanda chenyewe: plagi za NGK ni mfano mzuri. Kuna kopi yenye jina lake, isiyomdanganya mtu: inasema mimi ni fulani, natoshea GX160, bei yangu ndiyo hii. Na kuna feki, yaani kitu kilichovaa jina la mwingine. Hii ya nne ndiyo pekee ninayoikataa bila kuitazama mara mbili. Aliyetengeneza kopi ana jina la kulinda, hata kama ni dogo. Aliyeiba jina hana cha kupoteza. Tume ya Ushindani, FCC, hukamata na kuteketeza bidhaa za namna hiyo, lakini haiwezi kukaa kila kaunta.

Hapo hapo niondoe imani moja: "nataka ya Japani". Honda inaunda injini za GX Thailand na China pia. Boksi kuandikwa Thailand si dalili ya feki, na boksi kuandikwa Japani si dalili ya uhalali. Mchapaji wa feki anajua unachokitafuta, na atakuandikia.

Sasa kipimo changu. Siangalii bei kwanza, wala sifa ya duka. Najiuliza: spea hii ikifa, inakufa peke yake au inaondoka na nyingine?

Chukua konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, mhimili unaozunguka. Kwenye injini hii konrodi ni ya aluminiamu, na upande wa krenki haina beringi za kubandika kama ya gari. Aluminiamu yenyewe inazunguka juu ya chuma cha krenki, katikati kuna utando wa oili tu. Pampu ya oili hakuna. Kuna kijiko kidogo chini ya konrodi kinachochota oili na kuirusha ndani. Pampu ya maji ikivutwa mzunguko 3,600 kwa dakika, ni mizunguko 60 kila sekunde, na konrodi inageuzwa uelekeo mara 120 ndani ya sekunde hiyo hiyo. Aluminiamu yenye vipovu ndani, au tundu lisilo duara kamili, haichukui muda. Na ikikatika haikatiki kistaarabu: inatoboa bloku, inapinda krenki, inapasua pistoni. Hapo hatuzungumzii tena spea, tunazungumzia mashine nyingine.

Kwa hiyo konrodi sibembelezi. Ni orijino, au ni kopi ya jina ninalolijua na nimeipima tundu mwenyewe kabla ya kufunga. Na nikifunga natumia spana ya torki, nyutoni-mita 12, siyo "mkono wa fundi". Konrodi nyingi zilizolaumiwa kuwa mbovu ziliuawa na boliti iliyokazwa kwa hasira.

Filta ya hewa ndiyo wengi wanashangaa nikiiweka kwenye kundi hili hili. Ni karatasi na sponji, inaweza kumuua nani? Inaweza kuua silinda. Vumbi la Agosti kwenye bustani za vitunguu ni unga wa mchanga, na mchanga ndani ya injini ni msasa. Tatizo la filta rahisi mara nyingi haliko kwenye karatasi, liko kwenye ukingo. Mpira wake ni mgumu au ni mwembamba, haukai sawasawa kwenye nyumba yake, basi hewa inapita pembeni bila kuchujwa. Ukiifungua baada ya wiki chache utaona mstari wa vumbi upande wa ndani. Ukishauona huo mstari, ringi za pistoni zimeshaanza kuliwa.

Mama mmoja analima nyanya na hoho, nilimweleza hivi akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, kumbe hii ya bei ndogo ndiyo inayonirudisha kwako kila msimu." Nikamwambia, "Ndiyo mama, na mimi sipendi kukuona kwa sababu hiyo." Kopi ya filta si haramu. Lakini nenda dukani na ile ya zamani, uzilinganishe ukingo kwa ukingo, uubonyeze mpira kwa kidole. Kama haurudi ulipoubonyeza, iache filta hapo hapo kaunta.

Kabureta nayo ina hadithi ndefu. Kopi yake imekuwa rahisi kiasi kwamba mafundi wengi hawasafishi tena, wanabadilisha. Mimi naona ni hasara. Kabureta ya zamani ya Honda, iliyosafishwa jeti zake (vipande vyenye vijitundu vya kupitisha petroli), ikawekewa gasketi na sindano mpya ya floti, kwangu inaishinda kopi mpya karibu kila mara. Kopi inafanana kwa umbo, ila tundu la jeti kuu ndilo linaloamua petroli inayopita, na tofauti ya tundu hilo huioni kwa macho. Likiwa dogo kuliko inavyotakiwa, injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Itawaka, itavuma vizuri hata, lakini inachemka ndani, na valvu ya kutolea moshi inaungua polepole.

Namna ya kujua ni kuisoma plagi. Fanya kazi na mzigo kwa muda, zima, chomoa. Kahawia kama udongo mkavu, sawa. Nyeusi yenye masizi, petroli nyingi au filta imeziba. Nyeupe kavu, simama, usiendelee na kazi. Ukiwa na kabureta ya kopi inayoleta plagi nyeupe na bado unayo ile ya zamani iliyopasuka, jaribu kuhamisha jeti kuu kutoka ya zamani, kama nyuzi zake za skrubu zinakubaliana.

Nitoke nje ya mada kidogo. Watu wa milimani huniambia pampu "imepoteza nguvu tangu niweke kabureta ya kopi". Mara nyingine ni kweli, mara nyingine ni mlima. Kitabu cha Honda kinasema nguvu inapungua kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda. Pampu iliyojaribiwa Dar es Salaam ikavuta vizuri, ukiipandisha mita elfu moja na zaidi, haitavuta vile vile hata uiwekee spea za dhahabu.

Plagi. Hii ikifa kwa kawaida inakufa peke yake, lakini ndiyo inayofekiwa sana, na feki yake inapoteza siku nzima ya kazi. GX160 inatumia BPR6ES ya NGK, nafasi ya cheche milimita 0.7 hadi 0.8. Angalia vitu vitatu. Ile washa, pete ya chuma kwenye nyuzi: kwenye plagi halisi imebanwa, haichomoki kirahisi kwa vidole. Ncha ya katikati: iwe katikati kweli, isiegemee. Na ukiwa na multimita, pima kutoka kichwa cha juu mpaka ncha ya ndani. Herufi R kwenye jina inamaanisha kuna kizuizi ndani, na kipimo kiwe karibu na kilo-omu 5. Ukipata sifuri, hamna kizuizi. Ukipata kimya, hamna njia. Muuza duka mwaminifu hakatai upime; akikataa, umeshapata jibu.

Usikubali pia "hii inaingia". BPR6HS ina nyuzi zenye kipenyo kile kile, inaingia vizuri kabisa, ila shingo yake ni fupi: milimita 12.7 badala ya 19. Cheche inatokea ndani ya tundu la plagi badala ya ndani ya chumba cha kuchomea petroli. Kinyume chake ni kibaya zaidi, plagi ndefu kwenye injini ya plagi fupi inaweza kugongwa na pistoni.

Tukifika kwenye beringi, nageuka upande wa pili: hapa boksi la mwenye injini ni kutupa hela. Beringi za krenki za GX160 ni 6205, na hiyo ni saizi ya dunia nzima: ndani milimita 25, nje 52, unene 15. Nenda duka la beringi, siyo duka la injini, chukua ya kiwanda kinachojulikana kwa beringi, na unakili herufi zote zilizofuata namba, maana zinaeleza mambo ya ndani kama ulegevu wake na vifuniko. Mwenye injini naye hajitengenezei beringi, ananunua. Oili sili, mpira unaozuia oili isivuje kwenye krenki, ni hivyo hivyo, ya 25 kwa 41.25 kwa 6, mradi mdomo wake ni laini na springi yake ndogo ipo.

Vingine nitavipita haraka. Kamba ya kuvutia na nyumba yake, tenki, kifuniko cha tenki, eksozi, mpira wa petroli, impela (panga linalosukuma maji) ya pampu: kopi, na usione aibu. Vikifa utaviona vikifa. Gasketi ya kichwa naweka nzuri, kwa kuwa kazi ya kuifungua tena ni kubwa kuliko bei yake, na nikishafunga napima nafasi ya valvu upya, milimita 0.15 ya kuingiza na 0.20 ya kutolea, injini ikiwa ya baridi.

Kuna kimoja kinachochanganya watu: swichi ya oili, ile inayozima injini oili ikipungua. Ya kopi ikiharibika inazima injini hata oili ikiwa imejaa. Inakufa peke yake, kwa kipimo changu ingekuwa haina madhara. Lakini fundi afanyaje? Anachomoa ule waya wa njano, injini inawaka, mteja anashukuru, na tangu siku hiyo mashine haina mlinzi. Miezi inapita, oili inaisha, konrodi inashika. Ndiyo maana swichi naihesabu kama konrodi. Na kama fundi wako amewahi kuuchomoa waya huo, mwambie akuambie.

Je, kama injini yenyewe ni kopi? Hapo hesabu inabadilika. Konrodi, pistoni, ringi na krenki za orijino zikijumlishwa zinaweza kuipita bei ya injini nzima mpya ya 168F. Sitamshauri mtu afanye hivyo. Kwenye injini ya kopi naweka kopi nzuri, ila filta, plagi na oili naweka zile zile ambazo ningeweka kwenye Honda. Na kama silinda imeshachimbika, nampigia mteja hesabu mbili kwenye karatasi, ya kutengeneza na ya kununua, achague mwenyewe. Honda yenyewe ina pistoni kubwa za hatua, zilizozidi kwa milimita 0.25, 0.50 na 0.75, kwa hiyo bloku yake huchongwa ikaishi tena. Kwa kopi, tafuta kwanza hiyo pistoni kubwa ndipo uchonge, usichonge halafu uanze kutafuta.

Unapokwenda dukani, iwe Kariakoo au hapa mjini, usitaje "ya Honda ya pampu". GX160 na GX200 zote zina kipenyo cha 68, lakini mwendo ni 45 kwa moja na 54 kwa nyingine, na muuzaji mwenye haraka anakupa pistoni kwa kipenyo tu. Unene wa ringi nao umebadilika kati ya matoleo. Andika namba iliyogongwa kwenye bloku, ubebe spea ya zamani kwenye mfuko, isafishe kwanza. Namba za spea za Honda zina mafungu matatu, na fungu la kati ndilo linalotaja familia ya injini: ZE1, ZH8 na Z4M utaziona sana kwenye GX160, ZL0 kwenye GX200. Lebo ikisema ZL0 na wewe una GX160, uliza kabla ya kulipa.

Mwisho kabisa, kazi ikiisha, dai spea ya zamani irudi mkononi mwako pamoja na boksi la mpya. Fundi atakayenuna kwa hilo, mfuatilie kwa karibu zaidi.