Newtype ya Marekani haikuwa tafsiri ya Newtype ya Japani

Kwa muda wote ambao nimekuwa nikinunua na kuuza majarida ya zamani ya anime, hakuna ombi nililoletewa mara nyingi kuliko hili: mteja ana Newtype, jarida la kila mwezi la anime (katuni za Kijapani), ya Kijapani ya mwezi fulani, na anataka nimtafutie ya Kiingereza ya mwezi uleule ili asome kilichoandikwa ndani. Wiki iliyopita nimeletewa tena, safari hii na mtu aliyekwisha kununua kwa muuzaji mwingine. Alipofungua bahasha akakuta jalada jingine na makala nyingine, akaamini kwamba ameuziwa bandia. Hakuuziwa bandia, alinunua jarida halali huku akitarajia kitu ambacho hakijawahi kuchapishwa.

Sehemu ya lawama naielekeza kwenye neno letu "toleo". Tunasema toleo la Aprili tukimaanisha nakala ya mwezi mmoja, kisha tunasema toleo la Marekani tukimaanisha jarida zima lenye ofisi yake, wahariri wake na wasomaji wake, na msikilizaji anaondoka akidhani kwamba la pili ni la kwanza lililobadilishwa lugha. Newtype USA ilichapishwa na kampuni ya A.D. Vision ya Houston, Texas, kwa leseni ya Kadokawa Shoten, mchapishaji wa Newtype ya Japani, kuanzia nakala ya Novemba 2002 hadi ile ya Februari 2008. Leseni iliwapa Wamarekani jina na mlango wa kufikia makala na picha za Tokyo. Baadhi ya makala hizo zilitafsiriwa kweli, lakini zilichaguliwa, zikapangwa upya, zikawekwa pamoja na habari, uhakiki na safu zilizoandikwa kwa ajili ya msomaji wa Marekani.

Wala haikuwezekana kufanya vinginevyo, na hapa huwa naishiwa na subira. Jarida la Kijapani limejaa mambo yanayomhusu mtu anayeishi Japani: ratiba za vituo vya televisheni vya huko, matangazo ya bidhaa za maduka ya huko, mahojiano na waigizaji wa sauti ambao wakati ule msomaji wa Texas hakuwahi kuwasikia, na tamthilia ambazo hakuna mtu aliyekuwa amenunua haki ya kuziuza Amerika. Mhariri mwenye akili angetafsiri ratiba ya saa za usiku za Tokyo ili nani aisome? Tukumbuke pia kwamba A.D. Vision yenyewe ilikuwa ikiuza anime kwa DVD, kwa hiyo ilijua vizuri wateja wake walikuwa wakisubiri nini.

Yeyote ambaye bado ana shaka azilaze nakala mbili mezani, majalada ya mbele yakitazama juu. Ya Kijapani ina mgongo upande wa kulia, nawe unaanza kuisoma pale ambapo sisi tungesema ni mwisho. Maandishi yake yanashuka wima, katika visanduku vyembamba na virefu vilivyopenyezwa pembeni mwa picha. Ya Marekani ina mgongo upande wa kushoto, na sentensi ya Kiingereza inahitaji upana, si urefu, hivyo ukiimimina katika kisanduku kilekile utapata mstari wa maneno mawili mawili unaoteremka hadi chini ya ukurasa kama ngazi. Ukurasa ulipaswa kusanifiwa upya, na ukishausanifu upya, picha moja inakua, nyingine inapungua, na aya moja inatupwa nje. Anayetafuta makala fulani ya Kijapani kwa Kiingereza aniulize kwa jina la tamthilia na jina la aliyehojiwa, si kwa mwezi, maana mwezi hautamfikisha popote.

Hata mwezi ulioandikwa kwenye jalada wenyewe unahitaji kusomwa kwa makini. Newtype ya kwanza kabisa ni ya Aprili 1985, lakini iliingia madukani tarehe 8 Machi, kwa sababu majarida ya Japani hutangulia mwezi wake. Wanaoniandikia kwamba nimekosea tarehe naomba waniache nipumzike.

Wapo wanaodai kwamba Marekani ndiyo iliyofungua njia ya matoleo ya nje. Korea Kusini ilikuwa na Newtype yake tangu 1999.

Wapo pia wanaodhani jina hilo linamaanisha mtindo mpya wa uchoraji. Limetoka katika Gundam, tamthilia za anime za vita vya angani, ambamo "Newtype" ni binadamu ambaye hisi zake zimepanuka kwa kuishi angani, na si ajabu kwamba jarida liliingia madukani Machi 1985, mwezi uleule ambao tamthilia ya Zeta Gundam ilianza kurushwa.

Kuhusu diski ya DVD iliyokuwa ikifungwa pamoja na nakala za Marekani, ilikuwa ya kuonjesha: vipindi vichache na matangazo ya tamthilia zilizokuwa zikiuzwa. Usinunue nakala ukitarajia kupata tamthilia nzima, lakini usikubali pia kuuziwa nakala isiyo na diski kwa bei ya iliyokamilika. Mwambie muuzaji apige picha ya diski ikiwa kando ya jalada, na akianza kusitasita, achana naye.

Lililobaki ni la kifo chake. Newtype USA ilipokoma, wengi walidhani la Japani limekufa pia, ilhali lile liliendelea kutoka kila mwezi. Wengine wanasema Newtype USA ilibadilisha jina tu na kuwa PiQ. PiQ lilikuwa jarida jipya la kampuni ileile ya Houston, lisilobeba jina la Kadokawa, lenye kugusa pia michezo ya video na mambo mengine yasiyo anime, na lilitoa nakala nne tu ndani ya mwaka 2008. Anayekusanya Newtype USA anaweza kuishia Februari ya mwaka huo, na rafu yake haitakuwa na pengo.